Nililifunga Kundi, Sasa Nimejificha Uani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho ndipo unicheke, maana baba watoto nilipomsimulia habari hii alicheka mpaka akaweka kikombe chini, nami sikuona cha kuchekesha.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea chenye mashine mbili, meza ya kukatia na pazia ambalo wateja hujaribia nguo nyuma yake, na kwa miaka sita sasa ndimi kiongozi wa kundi la Wakristo la mtandaoni linaloitwa Meza ya Neno. Tulilianzisha mimi na dada yangu ambaye tumefuatana ziwa, tukiwa watu sita tu tuliokuwa tukisoma Biblia pamoja Jumanne na kuona Jumanne haitoshi, basi mtu akamwingiza mwenzake, mwenzake akamwingiza shemeji yake, mpaka tukapita mia nne, kutoka makanisa mengine hata siyajui, wanaobatiza kwa maji mengi na wanaobatiza kwa maji kidogo, wanaopiga makofi na wanaoona makofi ni fujo. Siku zile nilikuwa nikikanyaga cherehani huku simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, nasoma na kushona, kwa sababu watu walikuwa wanauliza maswali ya kweli. Mmoja anauliza kama ni dhambi kusali ukiwa umelala, mwingine anauliza mbona wanyama ndani ya safina hawakulana, muuguzi mmoja anauliza maswali magumu ya wodini, na mwalimu mmoja mstaafu, tuliyembandika jina Mzee wa Mistari, ukimwandikia habari za asubuhi anakurudishia mistari mitatu. Tulikuwa tunabishana, ndiyo, lakini kesho yake tunaulizana hali.

Mwaka jana ukaja ugomvi wa ubatizo wa watoto wachanga, ukachukua siku tatu, na siku ya tatu mtu mmoja akamwita mwenzake Farisayo, mwenzake akamwita nyoka, na wote wawili wakamalizia kwa kuandika nakupenda katika Bwana. Mimi nilikuwa nimeshika pasi, nasoma kwa jicho moja, nikaunguza kola ya blauzi ya mteja. Hasira zikanipanda, nikaingia pale kwenye mipangilio ya kundi nikachagua kwamba kiongozi peke yake ndiye awezaye kuandika, halafu nikaandika: "Wapendwa, tunafunga kwa siku saba ili tuombee amani, kisha tutafungua."

Mshauri, zile siku saba zimefika miezi kumi na minne. Sikupanga iwe hivyo. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu mno, simu imetulia, nashona bila kuruka kila dakika, wiki ya pili nikasema niongeze kidogo, na baada ya hapo kila asubuhi nikawa naweka mstari mmoja na picha ya ua, watu wanabonyeza ile alama ya mikono iliyokunjwa, basi, siku imekwisha. Mchungaji akanisifu mbele za watu kwamba kundi letu ni mfano wa utulivu. Hakuna aliyejitoa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, nikajiambia watu wameridhika.

Lakini lipo jambo nililolifanya kabla ya kufunga, na hilo ndilo linaloniuma. Shemeji yangu, mume wa dada, aliugua muda mrefu, na kundi zima tukamwombea na kufunga kwa zamu, naye akafariki. Mwezi mmoja baada ya mazishi dada akaandika pale pale kwenye Meza: "Tuliomba wote, tukafunga wote, na bado alikufa. Alitusikia? Au mimi ndiye niliyeomba vibaya?" Mshauri, nililifuta swali lile kabla ya dakika kuisha. Nilijiambia namkinga asije akamwagiwa mistari na wasiojua kufiwa, lakini ukweli ni kwamba swali lile liliniogopesha mimi. Dada hakuniuliza kwa nini. Tunaendelea kuonana vizuri tu, anakuja kwangu, namshonea, bado tunalicheka gauni lake la kijani ambalo nililiwekea zipu juu chini, kosa ambalo hakuna mtu mwingine alijualo kwa sababu nilimwapisha anitunzie siri, fundi mzima nina aibu zangu. Tunacheka sana. Ila habari za Mungu hatuzungumzi tena, sisi ambao zamani tulikuwa tukizungumza hadi chakula kinapoa mezani.

Sasa nifike kwenye kosa la pili. Miezi mitatu iliyopita, kwenye laini ya pili niliyoinunua kwa ajili ya oda tu, ukaingia ujumbe kutoka kwa mteja wangu mmoja, mwoka mikate, ambaye inaonekana aliwatumia watu wote waliomo katika simu yake bila kuangalia nani ni nani: "Ndugu, karibuni Uani, huku tunapumua." Nikabonyeza. Nikakuta watu wangu! Muuguzi ndiye kiongozi, Mzee wa Mistari yumo, mwoka mikate yumo, dada yangu yumo, watu zaidi ya hamsini niliodhani wameridhika na picha za maua, kumbe sebule ilipofungwa walizungukia nyuma. Niliingia kama mpelelezi, sikatai, nikajiandika jina la Mgeni, maana kule namba hazionekani, ni majina tu, na mpaka leo sijataja kule kazi yangu wala mtaa wangu wala kitu chochote cha kunitambulisha.

Nilitaka kukaa siku mbili nione wanasema nini. Lakini kule wana utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Wiki moja ina swali moja tu, na kila mtu ana zamu yake ya kuuliza. Hakuna ruhusa ya kujibu kwa mstari mtupu, lazima useme mstari huo ulikukuta wapi katika maisha yako, na neno la mwisho analisema aliyeuliza, hata kama neno lenyewe ni bado sijaelewa. Wiki ya tatu zamu ikamwangukia Mgeni. Nikauliza: "Mtu anaweza kumpenda Mungu na bado akaogopa kumuuliza?" Nilivyojibiwa kwa upole, nililia nikajifuta kwa kipande cha bitana.

Wiki ya tano ikawa zamu ya dada, na akaliuliza swali lile lile, neno kwa neno. Safari hii swali likabaki. Mzee wa Mistari hakuweka mstari hata mmoja, aliandika kwamba alipomzika mkewe alisoma Biblia kwa sauti mwaka mzima ili asisikie nyumba ilivyonyamaza, na kwamba hajui. Mimi, kwa jina la Mgeni, nikaandika: "Sijui ulijibiwaje. Najua kwamba mumeo aliondoka akijua anaombewa, na najua hukuomba vibaya. Aliyekunyamazisha ulipouliza ndiye aliyekosea." Dada akaniandikia pembeni, sisi wawili tu: "Asante, Mgeni. Nimeyasubiri maneno haya muda mrefu." Tangu siku hiyo tunaandikiana kila siku, mshauri, kuhusu Mungu, kuhusu marehemu, kuhusu upuuzi, na sijawahi kuwa na furaha namna hii tangu tuwe wasichana. Nielewe hapo, mimi sikuandikii kwa huzuni, nakuandikia kwa sababu nina furaha ambayo nimeiingilia dirishani.

Kule Uani wananiita Mama Kufuli, mimi yule wa Meza, si Mgeni. Wanatania kwamba Mama Kufuli akifika mbinguni atabadilisha mipangilio, na siku moja mimi mwenyewe nilibonyeza kicheko ili nisishukiwe. Dada ndiye aliyewakataza. Aliandika: "Msimseme hivyo. Alikuwa anaogopa tusivunjike." Sikuweza kushona kitu siku ile.

Basi mambo mawili yamenifika wiki moja. Muuguzi anahamishwa kituo, zamu zake mpya hazitampa nafasi, na amependekeza Mgeni ashike uongozi wa Uani, watu wakabonyeza mikono juu wote, akiwemo dada. Na jana dada akaniandikia: "Mgeni, Jumamosi nakuja tuonane uso kwa uso. Nitafika saa nne, kabla wateja hawajajaa. Nitavaa lile gauni la kijani la zipu juu chini, usije ukanipotea." Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu imepata joto mkononi, na kila nikiusoma ninachokiona ni neno Jumamosi. Nimefikiria Mgeni ajitoe kimya kimya, nimefikiria nimwandikie kwamba Mgeni amesafiri, nimefikiria hata kuitupa laini. Baba watoto anasema, "Si umwambie tu?" kana kwamba ni kumwambia mtu chumvi imekwisha. Nikimwambia, atajua kwamba nimeusoma moyo wake wote kwa jina la uongo, na nimeshampoteza mara moja, sitaki kumpoteza mara ya pili. Gazeti lako linatoka Alhamisi. Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Ni mimi, Mgeni au Mama Kufuli, utakavyopenda kuniita.

*

Fundi, nitakuita Fundi, hayo majina mengine yamekuchosha. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba na nimecheka kama ulivyohofia. Baba watoto nampa mkono.

Tuanze na kugombezwa, kisha nikuhurumie. Unaniambia kwa miezi kumi na minne hakuna aliyelalamika. Wangelalamikia wapi, mama? Uliwafungia mahali pekee pa kusemea, halafu ukatega sikio, ukasikia kimya, ukasema wameridhika! Watu mia nne uliwaachia kidole kimoja cha kubonyezea mikono iliyokunjwa, na wakaibonyeza kwa adabu, kwa sababu ni watu wenye adabu. Mchungaji wako ni mtu mwema lakini mwambie kwa niaba yangu kwamba hata stoo ina utulivu.

Sikulaumu kwa zile siku saba. Kuongoza watu wanaoitana nyoka na kupendana katika Bwana kwa pumzi moja ni kazi, na blauzi ya mteja ilikwisha kuungua. Mtu akifunga mlango watu wapoe ana haki. Kosa lako liko siku ya nane. Siku hiyo ulitakiwa kufungua, ukaona ulivyopumzika vizuri, ukaendelea kupumzika kwa jina la amani ya wengine. Si wewe peke yako. Mimi mwenyewe nimo katika makundi matatu ya namna hiyo, na mawili kati yake hayana kitu isipokuwa maua na asubuhi njema, na sijui tena aliyemo anaumwa nini, ana shaka gani, wala kama bado yu hai. La tatu lina kelele, lina watu wanaokosea na kuombana radhi, na ndilo pekee lililonipigia simu nilipolazwa.

Kuhusu swali la dada yako, hapo sina utani. Ulilifuta swali la mjane. Unajua ulichofanya, na nimeona kwamba ulikiri mwenyewe bila kubanwa kuwa uliogopa, kwa hiyo sitakanyaga hapo mara mbili. Nitasema tu kwamba mtu anayemuuliza Mungu swali gumu mbele ya wenzake bado anamwamini Mungu na bado anawaamini wenzake. Wewe ulidhani unaulinda mlango wa imani, kumbe ulimtoa nje mtu aliyekuwa amekwisha kaa ndani.

Sasa pumua, nikupe habari njema, na ni nyingi. Hao watu wako hawakukimbia kanisa, hawakukimbia maombi, na hata kundi lako hawajajitoa, viatu vyao vimebaki mlangoni kwako muda wote huu. Walichokitafuta Uani ndicho kile kile ulichokuwa ukikisoma huku ukikanyaga cherehani. Wamejiwekea taratibu bora kuliko zako, Mzee wa Mistari amejifunza kusema hajui, nani angeamini? Wewe mwenyewe umeuliza swali lako la kwanza la kweli baada ya miaka sita. Uliingia kule kupeleleza, ukabaki kwa sababu ulikuwa na njaa. Jina lilikuwa la uongo, lakini maneno uliyomwandikia dada yako yalikuwa yako, na hata hukumu uliyojihukumu mle ndani ilikuwa ya haki.

Nimekuja kwenye Jumamosi. Chukua simu yako, usome tena ujumbe wa dada yako, na safari hii uruke hilo neno Jumamosi linalokuziba macho. Anasema anakuja saa nne. Anakuja wapi? Amekuuliza unakaa mtaa gani? Mtu anayekwenda kuonana na asiyemjua huuliza njia, dada yako hakuuliza chochote, kwa sababu njia anaijua. Anasema kabla wateja hawajajaa. Wateja gani, wakati Mgeni hakutaja kazi yake kwa mtu yeyote? Na hilo gauni la kijani, Fundi! Siri uliyomwapisha, ya aibu yako ya zipu, siri ya watu wawili dunia nzima, kwa nini amwandikie mgeni?

Dada yako anajua. Sijui amejua tangu lini. Huenda ni tangu uliposema aliyemnyamazisha ndiye aliyekosea, maana maneno hayo yana mtu mmoja tu wa kuyasema. Wakati wewe unajificha, yeye alikuwa anamwandikia mdogo wake kila siku akijua ni mdogo wake, na alipowakataza wenzake wasimseme Mama Kufuli alijua anasomwa na nani. Hujamvizia dirishani kama unavyodhani. Alikuona umesimama hapo, akakuachia dirisha wazi.

Usichukue hilo kama ruhusa ya kukaa umngoje aanze yeye. Yeye amekwisha kufanya sehemu yake, na amekufanyia kwa heshima, amekupa siku kadhaa za kujiandaa, na gauni liwe ishara. Kusema ni juu yako. Habari za kusafiri kwa Mgeni sitaki kuzisikia, na laini usiitupe, wateja wa oda wana kosa gani?

Uongozi wa Uani usiukubali. Jumapili, ukishaonana na dada yako, waandikie wewe ni nani, kwa mistari minne isiyo na machozi mengi, na useme wakitaka utoke utatoka. Watakaokasirika waache wakasirike, wana haki yao, usiwajibu siku hiyo hiyo. Usiwaambie wafunge Uani warudi kwako, kosa kubwa kuliko yote litakuwa hilo. Waachie Uani yao, na ukibahatika wakikuacha ukae, kaa mkekani kama wengine, usubiri zamu yako.

Meza ya Neno uifungue. Usitoe hotuba wala kuandika kwamba Bwana amekuongoza kufungua, maana hatujaambiwa kama ndiye aliyekuongoza kufunga. Ingia pale pale ulipobonyeza ukiwa na pasi mkononi, urudishe ruhusa kwa wote, uombe radhi kwa sentensi moja, kisha uombe ruhusa ya Uani uazime utaratibu wao wa swali moja kwa wiki. Tafuta watu wawili wa kuliangalia kundi pamoja nawe, mmoja awe ni mtu anayekupinga. Matusi yafuteni, tena haraka. Swali msilifute kamwe, hata likikuogopesha. Ugomvi utarudi, nakuhakikishia, huenda kabla ya mwezi kwisha, na utakapoona kidole chako kinaelekea kule kwenye mipangilio, weka simu chini ukamalizie upindo wa mtu.

Lakini usilifungue kabla ya Jumamosi saa nne, kwa sababu yupo mmoja anayestahili kufunguliwa kabla ya wale mia nne. Amka mapema siku hiyo, geuza kibao mlangoni mteja asiingie, uzime mashine zote mbili. Dada yako atakapoingia na gauni lake la kijani, usianze na habari za laini ya pili na mwoka mikate, hizo mtazicheka wiki nzima ijayo. Mketishe. Mwambie, "Dada, uliniuliza swali, nikalifuta. Naomba uniulize tena." Halafu unyamaze, umsikilize mpaka aseme yeye neno la mwisho.

Zipu mtairekebisha baadaye.